Mafuta Yaliyogoma Kuachia

Katika wilaya nzima ya Ilundo hapakuwa na mtu aliyepauka mikono kama Nsubile Mwakagile. Vidole vyake vilikuwa vyeupe kama vya mtu aliyetoka kukanda unga, vimechanika kwenye viungo, na kila kipupwe kilipoingia nyufa zile zilitoa damu. Wauza sabuni sokoni walimhurumia. "Mama, jipake hata kidogo tu," walimwambia. Yeye alicheka, akachukua mche wake wa sabuni, akapanda mlima kurudi kazini.

Hakuruhusiwa kujipaka. Anayegusa vichupa hagusi mafuta: hiyo ndiyo kanuni ya nyumba ya sumaku, na Nsubile ndiye aliyeiandika mlangoni kwa mkono wake, chini ya ile nyingine inayokataza chuma.

Nyumba yenyewe ilijengwa juu kabisa, mbali na watu, bila msumari hata mmoja. Mbao zilishikana kwa vigingi na gundi. Katikati ya sakafu iliyozungushiwa mstari mwekundu ilisimama sumaku kubwa kama tangi la maji la shule. Tumboni mwake waya ulilala ndani ya heliamu ya kimiminika, kwenye baridi inayoishinda baridi ya upande wa giza wa mwezi. Umeme uliotiwa kwenye waya ule siku moja, miaka ishirini iliyopita, ulikuwa bado unazunguka, haujapungua, haujachoka, na hakuna aliyeuongeza. Nsubile aliipenda sumaku kwa jambo hilo. Kilichotiwa ndani yake hakikutoka.

Aliingia pale kama mfagiaji. Mafundi wa kigeni walipoondoka waliacha kitabu cha kurasa mia tisa, naye akakisoma kwa miaka minne akiwa na kamusi iliyong'oka jalada. Wenye vyeti walipoletwa kutoka chuo kikuu walimkuta tayari anajua mashine ikikohoa inakohoa kwa nini. Vyeti wakabaki navyo wao. Sumaku ikabaki kumsikiliza yeye. Kwenye karatasi za ofisi aliendelea kuitwa mfagiaji.

"Shikamoo, Mama Sumaku!"

Daktari Mgaya alikuwa amesimama nje ya mstari na trei ya vichupa. Alikuwa msimamizi wake, mtu wa miaka thelathini na mitano, kitambi kidogo, moyo mwepesi.

"Marahaba. Funguo umeacha?"

"Nimeacha."

"Mkanda?"

"Huoni ninavyoshikilia suruali?"

"Na jino?"

"Jino ni dhahabu, mama. Dhahabu haivutwi."

"Hiyo dhahabu yako ya mnadani sina imani nayo. Siku jino likiruka usije ukanililia."

Mgaya alicheka mpaka vichupa vikagongana. Akaiweka trei mezani, akajifuta machozi. "Halafu kuna habari. Ijumaa ni zamu yetu."

"Zamu ya nini?"

"Kupimwa. Idara ya Utulivu wameleta waraka. Wafanyakazi wote upya, kuanzia mimi mpaka mlinzi wa geti. Na wewe."

"Mimi nilipimwa."

"Miaka thelathini na moja iliyopita, kwa mashine ile ya kizamani! Mama, ni kijiti puani, dakika moja. Unaogopa kupiga chafya?"

"Naogopa utakavyonishika kichwa," alisema Nsubile, na sauti yake ikatoka ya kawaida, jambo lililomshangaza mwenyewe. "Ijumaa. Sawa."

Alipobaki peke yake alikaa kwanza. Pampu ya baridi ilikuwa inalia twii, twii, twii, kama kifaranga aliyepotea. Akainuka, akaanza kazi, kwa sababu kazi ndiyo kitu pekee ambacho hakijawahi kumwuliza ana nini leo.

Kila kichupa kilikuwa chembamba kuliko njiti ya kiberiti, na ndani yake mlikuwa na ute uliokwanguliwa juu kabisa ya pua, pale neva za harufu zinapoanza safari ya ubongoni. Waliosomea mambo hayo waliona kwamba neva hizo ndizo za kwanza kushika hofu na za mwisho kuiachia. Kwenye utando wa kila seli mna protini yenye umbo kama mlango, na mlango huo umezungukwa na mafuta. Mafuta yakiung'ang'ania mlango, jambo la zamani linakaa. Mafuta yakiuachia, jambo lile linateleza, kama jina la mtu lililokuwa mdomoni sasa hivi.

Nsubile alikitia kichupa tumboni mwa sumaku kikiwa kimeinamishwa, akakizungusha mara elfu kumi kwa sekunde, akakipigia wimbi la redio na kusikiliza kinachojibu. Mafuta yanayoogelea huru hujibu kwa sauti moja kali. Kwenye grafu hutokea mstari mrefu mwembamba, nao watu wa kazi hii huuita mwiba. Mafuta yaliyoshikwa hujibu kwa uzito, kila tone na kwikwi yake, na grafu huinuka pana na butu. Hicho ni kilima.

Mwiba: ametulia. Kilima: bado.

Na siasa yote ya Ilundo ilikuwa imelala katikati ya maneno hayo mawili.

Kichupa cha kwanza, mwiba. Cha pili, mwiba. Dirishani, chini ya mlima, ulionekana ukumbi wa harusi, mzuri, wenye madirisha makubwa ishirini na manne. Ulijengwa juu ya msingi wa Kikaushio Namba Mbili, nyumba ya kukaushia maua ya shamba la pareto, na hakuna anayeficha jambo hilo. Limeandikwa kwenye kibao. Humo ndimo wachuma pareto walimogomea. Hawakudai makubwa. Walidai madirisha, kwa sababu vumbi la maua lilikuwa linawamaliza kwa kikohozi. Shamba likawajibu kwa kuwafungia komeo kwa nje. Kisha moto. Nani aliuwasha, hakuna aliyesema. Walikufa watu arobaini na mmoja ndani ya nyumba isiyo na dirisha.

Wilaya ilipoanza kuchemka, likaja gari jeupe lililobeba Tulizo. Sindano moja ya bega. Ni huruma, walisema. Na ilikuwa huruma kweli. Hilo ndilo lililomkera Nsubile kuliko yote. Kina mama waliokuwa wamelala chini sokoni wakilia waliinuka, wakajipangusa vumbi, wakanunua chumvi.

Hawakufutiwa habari. Waliijua, kama unavyojua kwamba mafuriko yalitokea nchi fulani. Siku moja Nsubile alisimama kwenye mkutano wa kijiji akaisema yote, mwanzo hadi mwisho, mpaka sauti ikamkauka. Watu walimsikiliza kwa adabu. Mzee mmoja alipiga makofi. Mwenyekiti akasema pole sana, ajenda inayofuata ni josho la ng'ombe.

Yeye alichomwa, ila sindano haikumfanya kitu. Walikuwepo wa namna hiyo, na dawa yao ilikuwa sindano ya pili baada ya kupimwa. Ila siku ya kupimwa Nsubile, msichana wa miaka ishirini na moja, alikuwa ametoka kumsugua mama yake miguu kwa mafuta ya mgando. Foleni ilikuwa ndefu, nesi amechoka. "Shika mwenyewe kichupa," akamwambia. Mafuta ya vidoleni yakaingia ndani. Mafuta ya mgando hayashikwi na protini yoyote, yanaogelea tu, na mwiba wake ulikifunika kilima cha Nsubile chote. Ametulia, wakaandika. Kosa hilo alikuja kulielewa miaka mingi baadaye, kwenye ukurasa wa mia sita na kumi na mbili, ufagio ukiwa kwapani. Siku hiyohiyo aliandika kanuni yake mlangoni. Alikuwa na hasira na dunia nzima, lakini hakutaka sumaku iseme uongo.

Kichupa cha saba kiliinua kilima.

Alidhani ni mashine. Akakipoza, akarudia. Kilima tena, kipana, kizito, kimejilaza kwenye karatasi kama ng'ombe aliyekataa kuinuka. Hakuwa ameona kilima cha mtu wa Ilundo kwa miaka kumi na moja. Alichukua fomu iliyokuja na kichupa, akasoma: *Bupe Kasyupa. Miaka hamsini na minane. Amerejea wilayani mwezi uliopita.*

"Bupe," alisema kwa sauti, mle ndani, mbele ya sumaku. Lilikuwa jina la kwanza la mtu aliye hai alilolitamka kwa furaha baada ya siku nyingi.

*

Sheria ilitaka kilima kipimwe mara mbili kabla ya sindano, na Bupe aliandikiwa Alhamisi asubuhi. Nsubile alifagia tangu alfajiri. Alitoa kikombe cha pili nyuma ya rafu, kile cha udongo, akakiosha, akakinusa, akakiosha tena. Akachemsha chai yenye tangawizi. Akapanga la kusema: kwanza nitamwambia karibu, halafu nitamwambia hata mimi. Maneno hayo mawili tu, *hata mimi*, aliyafanyia mazoezi mpaka yakapoteza maana.

Aliyeingia alikuwa mama mnene, mrefu, anayenukia marashi, mikono inang'aa mafuta mpaka viwikoni.

"Hodi humu, kwenu ni kwa majini au kwa watu?"

"Karibu, dada. Shikamoo. Uvue bangili."

"Marahaba, mdogo wangu. Na hii ya shaba?"

"Na hiyo. Na pini za kitambaa."

"Haya, nivue na meno basi." Bupe aliweka vitu vyake kwenye kikapu kimoja kimoja, kisha akamtazama aliyemkaribisha. "Hee! Mikono gani hiyo? Ilundo siku hizi hakuna duka?"

"Kazi, dada."

"Kazi gani inakausha mtu kama dagaa?"

Nsubile alicheka. Kicheko kilimtoka kwa nguvu, kikavu, hakikuwa na mazoea. Akammiminia chai. Bupe akakitazama kikombe, akakisogeza pembeni kwa upole, kwa nyuma ya kidole.

"Sinywi, mdogo wangu. Usiudhike. Nieleze tu hiki kidude kimeona nini ndani yangu."

"Samli unaijua ikiwa imeganda?"

"Nimepika miaka arobaini, unaniuliza samli?"

"Basi ndani ya kichwa chako kuna mahali samli imeganda na kuushika mlango. Tulizo huipasha moto. Ikiyeyuka, mlango unaachia. Yako haijayeyuka hata robo."

"Haijawahi kupashwa." Bupe alishusha pumzi. "Mimi sikuchomwa. Ndiyo maana nimerudi, nilisikia huku bado mnatoa. Kupimwa sikuhitaji, usingizi wangu umenipima miaka thelathini na moja. Nataka sindano, mdogo wangu. Nataka nife nikiwa nimelala vizuri hata wiki moja."

"Watu wote wa Ilundo walichomwa."

"Wote wa kambi ya wachumaji. Sisi makarani tuliambiwa ninyi hamna la kusahau."

Pampu ililia twii, twii. Nsubile alikuwa bado ameshika birika.

"Makarani," alisema.

"Nilikuwa karani wa mahudhurio. Kikaushio Namba Mbili."

"Komeo nani aliliweka?"

Aliuliza polepole, kama mtu anayeuliza njia. Bupe hakuuliza umejuaje, wala wewe ni nani. Inawezekana katika miaka yote ile alikuwa anamsubiri mtu wa kumwuliza hivyo tu.

"Lilikuwa gogo la mkaratusi," alisema. "Zito. Nililiinua kwa goti. Msimamizi wa shamba aliniambia, Bupe, funga, waache wapoe kichwa, saa moja. Nikafunga. Kisha nikaenda kantini kunywa chai."

Kikombe cha udongo kilikuwa kinatoa mvuke kati yao.

Miaka thelathini na moja Nsubile alikuwa ameutafuta mkono ule. Aliutafuta kwenye magazeti, kwenye nyuso za wazee kanisani, ndotoni. Aliuvisha glovu, pete, saa ya dhahabu. Sasa ulikuwa mezani pake, wa mwanamke mwenzake, una kovu la kuungua mafuta ya kupikia karibu na dole gumba, na uling'aa vizuri. Alimwona Ambilikile, kaka yake, anatoka nyumbani asubuhi ile anapiga mluzi, mkate wa muhogo mfukoni. Harufu ikapanda yenyewe, maua makali na moshi.

Alitazama trei. Kichupa kipya kilikuwa pale, wazi.

Maneno mawili yalitosha: *shika mwenyewe*. Mikono ile, na mafuta yale. Mwiba ungesimama mrefu mpaka juu ya karatasi, Daktari Mgaya angesaini, na Bupe Kasyupa angeambiwa nenda zako, mama, umetulia. Sindano hapati. Angerudi na gogo lake la mkaratusi, aliinue kwa goti kila akilala, mpaka kaburini. Na Nsubile asingekuwa amesema uongo hata mmoja. Tena angekuwa na mwenzake. Wawili wanaokumbuka, mlima mmoja. Hili la mwisho ndilo lililomtia aibu, kwa sababu ndilo lililovuta kwa nguvu zaidi. Alijiuliza kama anachokitaka ni haki au ni mtu wa kunywa naye chai, hata kama ni huyu.

"Daftari unalikumbuka?" aliuliza.

"La mahudhurio? Niamshe usingizini nikusomee."

"Nisomee."

Nsubile alikuwa na majina ishirini na sita. Aliyakusanya kwa miaka, moja moja, kutoka kwa ndugu waliokuwa wanayatoa kirahisi, kama mtu anayekupa namba ya nyumba ya jirani aliyehama. Kumi na tano hakuwahi kuyapata. Walikuwa wageni, vibarua kutoka mbali, hawakuwa na mtu wa kuulizwa. Alichukua penseli iliyong'olewa bati lake, akageuza ile karatasi yenye kilima, upande mweupe juu.

Bupe alinyoosha mgongo. Sauti yake ikabadilika, ikawa ya karani, ya msichana anayeita watu kwenye baridi ya asubuhi.

"Anyitike Sanga."

Nsubile akaandika.

"Wanajibu 'yupo'," alisema Bupe. "Bila hivyo siwezi kuendelea. Ndivyo nilivyozoea."

"Yupo," alisema Nsubile.

"Lugano Mwaisumo."

"Yupo."

"Melania Haule."

"Yupo."

"Zuberi Chitanda. Huyu alikuwa anachelewa kila siku, na siku ile aliwahi."

"Yupo," alisema Nsubile, akaandika. Wa kwanza kati ya kumi na tano.

Walikwenda hivyo, mmoja anaita, mwingine anawaitikia watu. Ute wa pua ulimshuka Bupe na hakuupangusa. Kwenye jina la ishirini na tisa akasema, "Ambilikile Mwakagile," na jibu halikuja. Akasubiri. Akaita tena, kwa upole zaidi, kama karani asiyetaka kumwandikia mtu mtoro.

"Kaka yangu," alisema Nsubile.

Bupe alifumba macho.

"Alikuwa anapiga mluzi kwenye mstari," alisema mwishowe. "Nilikuwa namkemea."

"Yupo," alisema Nsubile.

Walipofika arobaini na moja, Bupe aliegemea ukuta wa mbao kama aliyetua mzigo kichwani, na akasema, "Basi. Umeyapata yote. Sasa nipe."

"Na ukishasahau, mimi nitabaki na nani?" Lilimtoka kabla hajalizuia. "Humu wilayani niko peke yangu, dada Bupe! Nikimwambia mtu, ananipa pole, anauliza bei ya vitunguu. Wewe ndiye wa kwanza. Wewe! Kati ya watu wote wa dunia hii wameniletea wewe, na wewe nawe unataka kuondoka."

"Sikatai."

"Waliotoa amri ile wamekufa kwenye vitanda vyao. Tukisahau wote, wameshinda."

"Inawezekana wameshinda." Bupe alikuwa anaitazama mikono yake. "Lakini sikiliza, mdogo wangu. Wewe ukikumbuka, unamkumbuka mtu. Unaye wa kumlilia, anapiga mluzi. Mimi nikikumbuka nakumbuka gogo. Nimezeeka nalo. Ukiamua nibaki nalo, wewe ndiye mwenye haki ya kuamua, na sitakulaumu. Ila usiniambie ni kwa ajili ya wale arobaini na mmoja. Niambie ni kwa ajili yako."

Nje upepo ulikuwa unapiga mbao zisizo na misumari, nazo zinalia kwenye vigingi. Nsubile alikishika kichupa kwa vidole vyake vyeupe. Alikaa nacho. Alimchukia mwanamke yule kwa namna ambayo hakujua kwamba bado ana nguvu za kuchukia, na alitaka asiondoke.

"Kuna bomba pale," alisema. "Nenda ukanawe. Sabuni mara tatu, mpaka viwikoni. Na usijifutie kitenge, kitenge nacho kina mafuta."

Bupe alisimama. "Ndaga, mdogo wangu," alisema, asante ya kwao, na akaenda kunawa.

Kichupa alikishika Nsubile mwenyewe, tangu mwanzo mpaka mwisho. Kilima kilitoka vilevile. Akaandika: *bado*. Saa nane mchana Bupe Kasyupa alichomwa bega la kushoto.

*

Ijumaa asubuhi Nsubile alikuwa anaijazia sumaku naitrojeni ya kuipoza aliposikia mtu anaimba nje, akikosea maneno.

"Hodi! Mdogo wangu mwenye mikono ya dagaa!"

Bupe alikuwa ameshavua bangili mwenyewe, amejifunga kitambaa bila pini. Uso ulikuwa umeshuka, laini, kama shuka lililonyooshwa. Alibeba kopo la plastiki.

"Nimelala, mwenzangu! Nimelala mpaka jogoo wa jirani amekuja kuniamsha mlangoni. Nikasema lazima nikamwone yule dada wa jana, alinisaidia sana. Nina zawadi yako. Ile chai ya tangawizi bado ipo?"

Nsubile alimmiminia kwenye kikombe cha udongo. Bupe alikunywa chote, akapangusa mdomo, akaomba kingine.

"Jana unakumbuka tulizungumza nini?"

"Tulihesabu watu, si ndiyo? Wafanyakazi wa zamani." Alipuliza chai. "Nilikuwa karani hapo chini, ujanani. Kulitokea ajali mbaya ya moto, maskini. Lakini ukumbi waliojenga! Nimeupita sasa hivi. Umeona yale madirisha?"

"Nimeyaona."

"Kuna harusi Jumapili. Twende wote, tukacheze. Mtu huwezi kukaa mlimani na pipa." Akafungua kopo. Lilikuwa mafuta ya mgando, meupe, mapya, yana alama ya kiwanda juu yake. "Lete hiyo mikono. Lete, mimi ni mkubwa kwako, usibishe."

Naye akamshika. Alimpaka taratibu, kidole baada ya kidole, akiingiza mafuta kwenye kila ufa, akisema pole, hapa pameuma, pole. Hakuna aliyemshika Nsubile mikono tangu mama yake afe. Alitazama mikono ile minene iliyoliinua gogo la mkaratusi ikimsugua kwa huruma isiyojua chochote, na hakuivuta yake.

"Naona kuna sherehe!" Daktari Mgaya alikuwa amefika mstarini na vijiti vyake, amevaa suruali ya mpira siku hii. "Mama Sumaku umepakwa? Leo nakuripoti kwako mwenyewe!"

"Leo si fundi, leo ni mgonjwa," alisema Bupe. "Mwacheni."

"Kweli, leo ni mgonjwa. Inua pua, mama."

Kijiti kilipanda, kikakwangua, machozi yakamtoka. Kuna bomba, hatua sita. Nsubile aliliangalia. Anawe mara tatu, mpaka viwikoni, kama kanuni yake inavyosema. Kilima kitoke, achomwe, na Jumapili awe ukumbini chini ya yale madirisha, anacheza na Bupe, watu wamejaa, wanamwita kwa jina. Hangejua alichopoteza. Kwenye wilaya nzima asingebaki mtu hata mmoja mwenye majonzi.

Wala mtu wa kumwitikia Zuberi Chitanda, aliyewahi siku moja.

"Nikushikie kichupa?" aliuliza Mgaya.

"Nitashika mwenyewe."

Alikishika kwa vidole vyote, karibu kabisa na mdomo wa kichupa, akakiziba. Akakitia tumboni mwa sumaku aliyoitunza miaka ishirini bila kuiambia uongo, akasema moyoni, nisamehe, mwenzangu. Kikazunguka. Kwenye kioo mwiba ukasimama, mrefu, mwembamba, safi, kama wa watu wote.

"Ametulia," alisema Mgaya, akasaini, akapiga mluzi. "Mama, mwiba wako unapita hata wangu!"

Bupe alipiga makofi.

Walipoondoka, Nsubile alitoa ile karatasi ya Alhamisi alikoificha. Upande mmoja kilima cha Bupe, cha mwisho ambacho wilaya ile ingekiona. Upande wa pili majina arobaini na moja, kwa penseli, kwa mpangilio wa daftari. Alichukua penseli. Mafuta ya vidoleni yaliacha doa pembeni, karatasi ikawa angavu pale. Hakumweka Bupe kwenye orodha. Hapo hapakuwa pake. Aliruka mistari miwili chini, akaliandika jina la Bupe mahali palipokuwa wazi, peke yake.

Kisha akaanza juu, kwa sauti, akiita na kuitikia yeye mwenyewe.